Basi la Waya la Siku ya Mwenge

Sikuwa natania.

Naanza na hilo kwa sababu nimelikana mara nyingi, tena mbele ya watu waliovaa nguo zao nzuri. Kwenye harusi, kwenye arobaini za wazee wetu, kwenye sherehe za watoto kumaliza shule, kila niliposimama nikasema kwamba binamu yangu ni mwizi, mtu fulani alinivuta pembeni na kuniuliza, "Lakini dada, unatania, siyo?" Nami nikacheka, nikajibu, "Natania tu. Si binamu yangu?" Uongo mtupu. Nilimaanisha kila neno, na kama sheria za nchi zingeniruhusu, ningemaanisha na mengine zaidi.

Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Unaweza kumwita mchawi mbele ya mchumba wake, unaweza kumvua kofia msibani ukaondoka nayo, naye hana ruhusa ya kukasirika. Wageni wakielezwa utani huu huuona kuwa uhuru mkubwa. Hakuna aliyewahi kunieleza upande wake wa pili, kwamba mtu mwenye ruhusa ya kusema lolote haaminiki kwa lolote. Nimesoma chuo kikuu, nimeandika insha ndefu kuhusu haki na kumbukumbu, zikasomwa na watu wanane ambao tayari walikubaliana nami, na jambo hilo sikuligundua mpaka nimeshaanza kuvaa miwani ya kusomea.

Aliniibia basi. Hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa bwana shamba vijijini Handeni, mahali ambapo shule ilikuwa mbali na maji yalikuwa mbali zaidi, kwa hiyo nilipelekwa Korogwe nikae Kilole kwa shangazi yangu. Shangazi alikuwa na mtoto wa kiume wa rika langu. Tulikula sinia moja, tulisoma darasa moja, na tukipigwa tulipigwa kwa fimbo moja.

Miaka ile ya themanini vitu vya kuchezea havikununuliwa. Nikikumbuka vizuri, Korogwe nzima kulikuwa na kimoja tu cha kununua, gari jekundu la bati, la kutia ufunguo, lililokaa kwenye kabati la kioo katika duka la familia moja ya Wahindi kule Old Korogwe. Rafu nyuma yake zilikuwa tupu. Sukari hakuna, sabuni hakuna, lakini gari lipo. Mama mwenye duka alikuwa akilitia ufunguo jioni na kuliachia likimbie juu ya kaunta, nadhani ili wateja wasirudi nyumbani bila kupata chochote. Watoto tulijazana mlangoni. Binamu yangu alilitazama akiwa ameachama. Mimi nililidharau, maana lilijua kwenda mbele tu. Likifika mwisho wa kaunta, mama alilidaka. Gari gani lisilojua kona?

Vingine vyote tulitengeneza wenyewe. Mpira wa matambara uliofungwa kwa nailoni, wanasesere wa magunzi wenye nywele za katani, pia za kuzungusha zilizochongwa mti wa mpera, ringi za baiskeli za kusukuma kwa kijiti. Na magari ya waya. Hayo yalikuwa ya wavulana. Hakuna aliyelitangaza hilo, lilijulikana tu, kama ilivyojulikana kwamba firigisi ni ya baba. Kwenye kipindi cha kazi za mikono wavulana walipewa waya na mbao, wasichana tukapewa vitambaa tudarizi maua. Maua yangu yalifanana na ajali.

Basi nililitengeneza nyuma ya jiko la shangazi, kwa waya uliofungia marobota ya katani, ule mgumu unaokuchana kiganja ukikosea. Sikutaka gari dogo. Nilitaka basi lile lililonileta kutoka Handeni, lenye kariya ya mizigo juu na ngazi nyuma, mlango wa kufunguka, taa za vifuniko vya soda. Magurudumu niliyakata kwenye soli za ndala zilizokufa. Usukani ulipanda juu kwa fimbo ndefu ya waya hadi kifuani kwangu, na nilipouzungusha, magurudumu ya mbele yalipaswa kugeuka. Hayakugeuka. Ekseli ilipinda kila nilipokata kona, basi likalala kifudifudi, na mimi nikalia kwa hasira.

Nikalipeleka kwa mwalimu wetu wa kazi za mikono, baada ya wenzangu kuondoka, nikiwa nimelifunika kwa khanga ya shangazi. Mwalimu yule alikuwa msichana aliyetoka chuoni mwaka uleule, mwanamke wa kwanza tuliyemwona akishika randa. Wazazi walikuja dirishani kumtazama. Hakuniuliza nani kaniruhusu. Alilipindua basi, akagusa ekseli kwa kidole, akasema, "Waya mmoja hautabeba. Weka miwili, usokote, halafu uache nafasi hapa katikati." Nilifanya hivyo. Likakata kona ya jiko, likazunguka kinu, likarudi.

Halafu Mwenge ukaja.

Aliyekulia nchi hii anajua siku ya Mwenge ilivyokuwa kwa mtoto wa shule. Chokaa kwenye mawe ya njiani, nyimbo tulizofundishwa mpaka tukaziota, jua, kusubiri, vumbi la msafara, kisha moto wenyewe ambao mchana ule mkali hata huuoni vizuri. Safari ile shule yetu ilipewa kazi ya kuonyesha vitu vya mikono vya wanafunzi, na kiongozi wa mbio angepita kuvitazama. Ziliwekwa meza mbili uwanjani, ya wavulana na ya wasichana.

Asubuhi binamu yangu alinikuta nimesimama na basi langu, sijui niende wapi.

"Ukiliweka kwenye vitambaa vyenu watakucheka," akaniambia. "Nipe nikushikie. Nitaliweka kwetu."

"Utasema ni langu?"

"Sasa nitasema la nani?"

Nikampa. Nimetunukiwa shahada mbili tangu siku ile, na bado sijaelewa kwa nini nilimpa.

Kiongozi wa mbio alipofika meza ya wavulana alipita magari yote, akasimama mbele ya basi. Akalishusha chini mwenyewe. Akashika usukani, akaliendesha kuzunguka ndoo ya maua, likakata kona bila kuyumba, na uwanja mzima ukapiga makofi. Nilikuwa meza ya pili, nyuma ya kitambaa chenye ajali, na moyo umenijaa.

"Fundi wa hili ni nani?"

"Mimi," akasema binamu yangu.

Hakusitasita. Hilo ndilo lililonichoma kuliko wizi wenyewe. Angalau angetazama kando.

Akapigwa picha. Akapewa mpira wa ngozi, mpira wa kweli, wa kwanza mtaani Kilole. Na kwa kuwa mkuu wa shule alikuwa mtu wa shukrani, basi langu likatolewa zawadi kwa mgeni, likawekwa mbele ya kioo cha Landrova, likaondoka na msafara. Mwalimu wetu alikuwa amesimama pale pale, karibu na meza. Nilimtazama. Akatazama mwenge.

Nyumbani jioni, mbele ya sinia, nikanyoosha kidole nikasema, "Huyu ni mwizi! Basi ni langu!" Shangazi akacheka mpaka akapaliwa. Majirani wakaitwa waje wasikie. "Msikieni mtani wake! Kaanza mapema!" Binamu naye akacheka, na kicheko chake kikawa ndicho ushahidi wake, maana mwizi hachekagi hivyo. Nilirudia kesho yake. Wakacheka zaidi. Mpaka likizo inafika, kesi yangu ilikuwa imegeuka burudani ya familia, na mimi ndiye msanii wake.

Sitawachosha na miaka yote iliyofuata. Itoshe kusema kwamba kwa sifa ya basi lile ndugu walichanga, akapelekwa kusomea ufundi. Leo ana karakana kubwa Korogwe, anatengeneza mageti. Mageti yake ni mazuri. Nimeyachunguza kwa nia mbaya na sijaona kasoro. Mimi nilisomea fasihi kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nina mikono.

Kisha akamwoa binti wa yule mwalimu.

Siku ya harusi nilipewa kipaza sauti, kama mtani. Nikamwambia bibi harusi achunge vyombo vyake, kwa kuwa anaolewa na mtu anayekushikia basi lako halafu analigawa kwa serikali. Ukumbi uliangua kicheko. Kwenye meza ya wazazi, mama mzaa bibi harusi peke yake hakucheka. Aliinamia sahani, akawa anatenganisha wali na pilipili hoho kana kwamba amepewa mtihani. Hapo ndipo nilipojua kwamba anakumbuka. Na hapohapo nikajua kwamba nimemkosa, kwa kuwa kuanzia siku ile alikuwa mama mkwe. Mtu na mkwe wake hawataniani, hawagombani, hawatazamani usoni kwa muda mrefu. Mkwe hasemwi. Kwa hiyo mashahidi tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa huru kusema na siaminiki. Yeye angeaminika na hawezi kusema. Binamu yangu alikuwa amejizungushia geti zuri kuliko yote aliyowahi kuchomelea.

Mwaka huu shule yetu ya zamani iliamua kutenga kona ya michezo ya zamani, watoto wa leo waone pia za mpera na wanasesere wa magunzi. Binamu akajitolea kuchomelea basi la nondo, kubwa kiasi cha mtoto kuingia, lisimame kando ya lango, pamoja na bango la chuma lenye jina lake kamili na maelezo kwamba yeye akiwa darasa la sita ndiye aliyetengeneza basi la waya lililomfurahisha kiongozi wa Mwenge. Picha ya bango aliituma kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Chini yake akaandika, "Mtani wangu wa Handeni asinywe sumu." Ndugu wakamwaga vikaragosi vya kucheka.

Utani unapita na hewa. Chuma kinabaki. Nilipoona lile bango nilielewa kwamba nikifa, wajukuu zangu watapita langoni pale na kusoma uongo uliopakwa rangi nzuri.

Kesho yake akatutumia tangazo. Redio moja ya pale Korogwe ina kipindi cha asubuhi kinachokumbusha mambo yaliyowahi kutokea tarehe kama hiyo, na kwa kuwa ilikuwa tarehe ya Mwenge ule, wamemwalika. Tangazo lilikuwa na kipande cha sauti yake. "Mwalimu wetu wa kazi za mikono," alikuwa akisema, "alikuwa mzee mmoja mkali, mwenye kipara. Siku naleta basi alitaka kulitupa. Hakujua hata plaizi inashikwaje!"

Nilikirudia kipande kile mpaka mpwa wangu akaniuliza kama simu imekwama. Nilimwelewa binamu yangu kikamilifu. Hawezi kumtaja mama mkwe wake redioni kama mtu wa kuchekesha watu, ni mwiko, hivyo kwa heshima kubwa alikuwa amemwondoa, akaweka mzee wa kubuni ambaye anaweza kumsema apendavyo. Alikuwa na adabu. Kwa adabu hiyo alikuwa amemfuta mwalimu kazini.

Nikanunua kilo mbili za sukari na doti ya khanga, na siku ya kipindi nikashika basi la alfajiri kwenda Korogwe.

Mwalimu nilimkuta nyumbani kwake Old Korogwe, barazani, anamenya mihogo. Mingine ilikuwa imeshaiva, inatoa moshi kwenye bakuli. Nywele zimekuwa nyeupe, mikono bado ileile ya kushika randa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa heri?"

"Kwa heri kabisa," nikasema, nikaweka sukari chini.

Akaitazama sukari, akanitazama mimi. "Sukari yote hii si ya heri tu. Kaa. Kula muhogo."

Nikakaa, nikala muhogo, nikamwambia kuhusu bango. Alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Mwalimu, wewe unajua lile basi ni la nani."

"Najua."

Nilikuwa nimesubiri neno lile tangu nikiwa na meno ya utotoni, na lilivyotoka, lilitoka kama mtu anayekwambia ni saa ngapi.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nilikuwa na miezi michache kazini, mwanangu. Mgeni ameshamshika mtoto bega, ameshapigwa picha. Ningemwambia nini, arudishe mkono? Nikasema nitalisema kesho. Kesho yake hamkuwa na habari nyingine ila ule mpira."

"Basi liseme leo."

"Yule ni mkwe wangu." Akatupa ganda. "Wewe mtani wake, mtukane mpaka uchoke. Mimi mdomo wangu umefungwa. Mkwe hasemwi."

Sikubishana. Nimewahi kufundisha vyuoni na najua wakati ambapo mwanafunzi hahitaji hoja, anahitaji kusoma kitabu mwenyewe. Nikaomba tu kama tungeweza kuwasha redio.

Binamu yangu akaingia hewani saa tatu, sauti yake ikiwa imeshiba. Alieleza vizuri, nikiri. Alieleza gari jekundu la bati na mwenye duka, akaeleza chokaa na vumbi. Akaeleza jinsi alivyosumbuka na ekseli nyuma ya jiko la mama yake, mpaka mimi mwenyewe nikamwonea huruma kidogo. Halafu mtangazaji akamuuliza, "Na walimu je, walikusaidia?"

"Walimu wapi! Tulikuwa na mzee mmoja mwenye kipara..."

Kisu cha mwalimu kikasimama katikati ya muhogo.

"Mzee yupi huyo?" akaniuliza.

"Mwalimu wetu wa kazi za mikono," nikasema, macho yangu yote kwenye bakuli.

"Hatukuwa na mzee."

"Ndivyo anavyosema."

"... hata plaizi hakujua kuishika!" redio ikasema, na mtangazaji akacheka.

Kisu kikabaki palepale. Simu zikafunguliwa kwa wasikilizaji, nami, kwa kuwa subira yangu ina mpaka, nikapiga. Nikapata mara ya kwanza. Mtangazaji akauliza napiga kutoka wapi. Nikasema Handeni, sijui kwa nini, labda kwa sababu wahalifu huanza kwa kuficha mahali walipo.

"Nataka kusema," nikasema kwa sauti niliyoitumia kutetea tasnifu, "kwamba mgeni wako hakutengeneza basi lile. Nililitengeneza mimi."

Kabla mtangazaji hajavuta pumzi, binamu yangu akapiga kelele ya furaha. "Ndiye huyo! Mtani wangu! Mtoto wa mjomba! Nilijua tu atapiga! Mtani, umeshakunywa ile sumu?"

"Sitanii!"

"Mnamsikia? Kila mtani husema hivyohivyo!"

Studio ikavunjika mbavu. Wakapiga na muziki. Nikabaki na simu mkononi, msomi mzima, nimeshindwa tena na mtu ambaye hata hakutumia nguvu.

Mwalimu alikuwa ameosha mikono. Alikuwa ameingia ndani na kurudi, na sasa alivaa khanga mpya niliyomletea, moja kiunoni na moja kichwani, kama mtu anayetoka kwenda kwa watu. Akanyoosha kiganja.

"Nipigie hao watu."

Simu ililia muda mrefu. Alipopokelewa hakuharakisha. Akamsalimia mtangazaji, akauliza hali ya nyumbani kwake, akasema anapiga kutoka Old Korogwe na kwamba ni mama mkwe wa mgeni wake.

Redioni kiti kikaburuzwa.

"Mzee, mbona umesimama?" mtangazaji akauliza.

"Shikamoo mama," binamu yangu akasema. Ile sauti iliyoshiba ilikuwa imeondoka. Hii ilikuwa ya mtu aliyeshika kofia mkononi.

"Marahaba, mkwe wangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Namshukuru Mungu. Mtangazaji, mimi ndiye huyo mzee mwenye kipara."

Mtangazaji akaanza kucheka, akajikatisha.

"Nywele ninazo zote, zimebadilika rangi tu. Na plaizi nimeishika tangu kabla hujazaliwa. Mkwe wangu."

"Abee, mama."

Abee! Mwanamume mwenye karakana, mafundi kumi na geti la umeme, hewani, anaitika abee kama msichana wa bwenini. Nilifumba macho nisikie vizuri.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi, wala leo hatuanzi. Nina neno moja tu nakuuliza. Lile basi lilitengenezwa na nani?"

Mama mkwe ndiye mtu pekee duniani ambaye binamu yangu hakuweza kumchekea, na alikuwa anatafuta pa kuweka uso wake mbele ya kipaza sauti. Sikumwonea huruma. Nimejikagua mara kadhaa tangu hapo, kwa uaminifu wa kielimu, na bado sijaiona.

"Na binamu yangu, mama."

"Binamu unao wengi."

"Huyu wa kwa mjomba. Aliyepiga sasa hivi."

"Sema vizuri, Handeni wasikie."

"Lilitengenezwa na binamu yangu wa Handeni. Mimi nililishika tu."

"Na hilo bango la shuleni?"

"Nitalibadilisha, mama."

"Lini?"

"Leo, mama."

Mtangazaji, kijana wa watu, akajaribu kuokoa kipindi. "Kumbe mtani alikuwa anasema kweli!" Hakuna aliyecheka. Nami nilikuwa nimeandaa maneno ya ushindi tangu darasa la sita, marefu, yenye aya, nikasogea karibu na simu ili niyatoe.

"Huyo mtani hayuko Handeni," mwalimu akawaambia wasikilizaji wote. "Yuko hapa kwangu tangu asubuhi, ananimalizia mihogo. Mkwe wangu, jina lake uliandike kubwa kama ulivyoandika lako. Haya, salimia nyumbani."

Akakata.